Upele wa Mtu Msafi

Nilipokuwa na miaka kumi na tisa, hapakuwa na mtu msafi kuliko mimi kuanzia Mto wa Mbu mpaka ukingo wa Kreta ya Ngorongoro. Hayo hayakuwa maoni ya watu, yalikuwa maoni yangu. Nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi msaidizi katika hospitali ndogo ya misheni nje kidogo ya Karatu, miaka michache baada ya Uhuru, na mtihani wa cheti ulikuwa unakuja mwezi wa tatu. Nilikuwa na magauni mawili ya buluu, aproni nne nyeupe, na mikono iliyonuka sabuni ya dawa hata nikiwa nakula ugali.

Aliyetufundisha tulimwita Sista, kama wauguzi wakuu wote walivyoitwa siku zile. Alikuwa mama wa Kichaga, mwembamba, mwenye sauti ndogo, na sikumsikia hata siku moja akiipandisha. Hakuhitaji. Somo lake la kwanza lilikuwa kunawa mikono, na somo lake la mwisho lilikuwa kunawa mikono, na katikati alitupa kidogo habari za vijidudu, jinsi vinavyopita kwa mkono, kwa kikohozi, kwa nzi, kwa shuka na kwa maji.

Siku ile ya kwanza alichukua masizi ya sufuria kutoka jikoni, akayachanganya na mafuta ya kupaka, akatupaka mikono yote mpaka juu ya kifundo. Kisha akatufunga macho kwa bandeji na kutuambia tunawe. Tulinawa kwa furaha, tukimwagiana maji. Alipotufungua, tulijiona. Mmoja alikuwa mweusi katikati ya vidole, mwingine mgongo wa mkono, na mimi kidole gumba cha kushoto kilikuwa kama kimechovywa kwenye lami. Sista alitunyooshea tena kipande cha sabuni. Tulirudia zoezi hilo wiki nzima, na mwisho wa wiki mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kutoka bila doa. Nadhani hapo ndipo nilipoharibika.

Tulikuwa wanafunzi sita, watano wasichana, na kijana mmoja wa Kimaasai kutoka Kakesio. Alikuwa amenizidi miaka kama mitano, mrefu, mwenye masikio yaliyotobolewa, na alifanya kila kitu taratibu kana kwamba kuna ng'ombe nyuma yake wasiotaka kukimbizwa. Sista akisema vyombo vichemshwe dakika ishirini tangu maji yaanze kutokota, sisi wengine tulihesabu ishirini. Yeye alihesabu thelathini. Alikuwa amesikia Sista akieleza kwamba huku kwetu juu maji hutokota mapema kabla hayajapata moto kamili, na akaona kwamba kama mambo ni hayo, basi dakika ziongezwe. Sisi pia tulikuwa tumesikia. Tuliandika kwenye daftari, tukaendelea kuhesabu ishirini.

Mwezi wa kumi uliotangulia mtihani, alilazwa mama mmoja mwenye homa ya mapafu, pamoja na mtoto wake wa kama mwaka mmoja aliyekuwa na upele mwili mzima. Mtoto aliwekwa chumba cha pembeni, peke yake. Kwenye mlango palitundikwa joho la mikono mirefu, na amri ilikuwa kwamba anayeingia kumshika mtoto avae joho kwanza, akitoka alivue, anawe. Ilikuwa amri nyepesi, na niliweza kuikariri hata nikiwa usingizini.

Alasiri moja joho lilikuwa limefuliwa, liko kwenye kamba linadondosha maji, na mtoto alikuwa analia. Si kilio cha kudeka. Ni kile cha mtoto aliyekwisha kuchoka kuita, anayelia tu kwa kuwa hajui la kufanya jingine. Mama yake alikuwa anamsikia kutoka wodini na hawezi kuinuka. Niliingia nikambeba. Nilikuwa nimekunja mikono ya gauni mpaka juu ya viwiko, nikamlaza shingoni kwangu, nikatembea naye kutoka dirishani mpaka mlangoni na kurudi, karibu saa nzima, mpaka akalala na mate yake yakikauka kwenye shingo yangu. Nilimlaza, nikatoka, nikanawa mikono kwa dakika tatu nikiangalia saa ya ukutani. Gumba la kushoto nililisugua mara mbili. Baada ya hapo nilijihesabu kuwa salama, na sikulifikiria tena jambo hilo.

Mwezi ulipopita na zaidi, nikaanza kuwashwa. Kwanza ilikuwa kwenye kifundo cha mkono, halafu kwapani, halafu kiunoni pale mkanda wa aproni unapokaza. Niliamua kwamba ni sabuni. Sabuni yetu ilikuwa kali, nyekundu, ya kuua vijidudu, na ngozi yangu, nilijiambia, ni laini. Nilipozidi kuwashwa nilizidi kunawa, na nilipozidi kunawa niliona fahari kwamba ninateseka kwa ajili ya usafi.

Yule mwenzangu wa Kakesio aliniona nikijikuna mgongo kwenye nguzo ya veranda. Aliniuliza nina nini. Nikamweleza habari ya sabuni na ngozi laini. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba kwao ng'ombe naye hujikuna hivyo kwenye miti, na hakuna anayemwuliza anatumia sabuni gani.

Nikamwambia, nyinyi Wamaasai kila jambo mnalirudisha kwa ng'ombe.

"Ni kweli, dada," alisema. "Lakini kwetu ng'ombe akianza hivyo, hatumpeleki kusalimia wenzake."

Nilicheka. Siku mbili baadaye nilifunga mzigo wangu nikaenda nyumbani kula Krismasi.

Kwetu ni kwenye vilima upande wa kwenda Mbulu, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka barabarani. Mama alikuwa ametuma salamu kwamba nikija nisisahau sukari. Kwenye duka la Mwarabu pale Karatu nilisimama mbele ya gunia la sukari na mbele ya kasha la sabuni nyekundu, nikafikiri sana, nikanunua sabuni, miche mitano. Nilipofika nikaipanga mezani mbele ya mama kama mtu anayetoa mahari. Mama aliitazama, akatazama ndani ya mfuko kama kuna kitu kingine, akashukuru. Bibi yangu, mama yake baba, aliuchukua mche mmoja, akaunusa, akauliza ni ng'ombe gani anayepelekwa josho.

Sikukata tamaa. Nilitoboa kopo kwa msumari, nikalitundika kwenye nguzo karibu na mlango, nikaweka kizibo cha kijiti, na kwa siku nne hapakuingia mtu ndani bila kunawa. Baba alinawa. Majirani waliokuja kunywa pombe ya sikukuu walinawa. Niliwasimamia nikiwaonyesha katikati ya vidole, mgongo wa mkono, kifundo, na mzee mmoja aliyetaka kupita kwa kuchovya tu ncha za vidole nilimrudisha. Kibuyu cha pombe kilipozungushwa, nilisema mimi nitakunywa kwenye kikombe changu, kwa sababu mate hubeba magonjwa. Baba hakukasirika. Alisema tu, akiwatazama wenzake, kwamba alidhani amezaa mtoto, kumbe amezaa mgeni.

Tulilala watatu kitanda kimoja, bibi, mimi na mdogo wangu wa kike, chini ya blanketi moja, kwa kuwa baridi ya vilimani usiku haina mchezo. Kila asubuhi, kabla hatujainuka, nilimwomba bibi anikune mgongo mahali ambapo mkono wangu haufiki. Alinikuna vizuri sana, kwa kucha zake ngumu, kisha akanipaka samli. Nilimwambia kwamba ni sabuni ya kazini. Alisema kazi ya namna hiyo inataka moyo.

Nilirudi hospitali nikiwa nimeridhika kabisa. Nilimwambia Sista kwamba nimewafundisha watu wa nyumbani, na akanisifu.

Mwezi wa pili, siku ya wagonjwa wa nje, niliwekwa kwenye meza pamoja na Sista. Kazi yangu ilikuwa kuita wagonjwa na kuandika majina yao, na kwa wale wasiojua Kiswahili, kutafsiri, kwa maana Sista hakukijua Kiiraqw, lugha ya kwetu. Ilikuwa karibu saa nne. Niliinua macho kutazama benchi, na pale mwisho niliwaona bibi, mama na mdogo wangu wamekaa kwa mstari. Walikuwa wanajikuna wote watatu, bila kutazamana, kama watu wanaofanya kazi moja waliyoizoea.

Wazo lililonijia kwanza nalionea aibu mpaka leo. Niliona haya kwamba wameacha kunawa. Nilijifanya nakwenda kuchota maji, nikapita karibu na mama na kumwuliza kwa sauti ya chini, ile sabuni mnaitumia au mmeiweka kabatini?

"Imekwisha," mama alisema. "Tumeoga nayo yote, na bado tunawashwa."

Zamu yao ilipofika, Sista aliwakaribisha, akashika mkono wa bibi, akautazama katikati ya vidole na kwenye kifundo, akamwomba afungue shuka kidogo kiunoni. Hakuhitaji muda. Alinitazama na kunitaka nimwulize bibi huyu upele ulimwanza lini. Hakujua kwamba ni bibi yangu, na mimi, Mungu anisamehe, sikumwambia.

Nilimwuliza bibi kwa Kiiraqw. Bibi alinijibu kwa Kiiraqw, kwa utulivu, kwamba nimwambie huyo mama upele ulianza na mimi mwenyewe.

Nikamgeukia Sista. "Anasema ulianza baada ya Krismasi."

Bibi alikuwa mwanamke wa mnadani. Alikuwa ameuza kuku, mahindi na ugoro kwa miaka mingi kwa watu wa kila namna, na Kiswahili alikijua cha kutosha, ila hakupenda kukipoteza bure. Akaweka mikono yake magotini.

"Sikusema hivyo," alisema kwa Kiswahili.

Sista aliacha kuandika. Bibi akaendelea polepole, akitafuta kila neno mpaka alipate. Alisema kwamba huyu ni mjukuu wake. Alikuja Krismasi na sabuni na upele. Sabuni aliwagawia mchana, na upele akawagawia kitandani. Yeye mwenyewe alimkuna mgongo siku nne, na mjukuu akamwambia ni kazi ya hospitali, akaamini.

Benchi zima lilikuwa linasikiliza. Wagonjwa waliokuwa wanakohoa waliacha kukohoa. Sista aliniambia nimpe kalamu mwenzangu wa Kakesio akae mezani, kisha akanichukua mpaka chumba cha kufungia vidonda na kufunga mlango. Aliniambia nikunje mikono ya gauni. Nilikunja. Aliangalia kwapani, akaangalia kiunoni, akaniambia nivae vizuri.

Aliniuliza ni tangu lini. Nikasema ni sabuni. Alingoja. Nikasema tangu mwezi wa kumi na moja. Aliendelea kungoja, na mwishowe nikamweleza habari ya mtoto, joho lililokuwa kwenye kamba, na ile saa nzima.

"Kwa kumbeba mtoto sikugombezi," alisema. "Mtoto akilia namna hiyo, abebwe. Ungeniita tungetafuta shuka la kujifunga, na baada ya hapo ungeoga mwili mzima na kubadili nguo. Lakini umejikuna miezi mitatu mbele yangu, ukashika wagonjwa, ukaenda kwenu, ukarudi, na hukusema. Hilo ndilo linalonikasirisha."

Nilisema kwamba nilikuwa nanawa mikono kila saa.

"Najua," alisema. "Na kidudu cha upele kinajua pia. Ndiyo maana kilikaa kiunoni."

Nililia. Hakunibembeleza na hakuniharakisha. Nilipomaliza alinipa kitambaa, akafungua kabati, akatoa mtungi mkubwa wa marhamu ya salfa, ile ya manjano inayonuka kama mayai yaliyooza, akaniwekea mikononi. Tangu siku hiyo mpaka watu wote wapone, alisema, kazi yangu ni hiyo.

Ikawa kazi kweli. Kwanza tulikaguliwa sisi sote tuliolala bwenini. Wasichana wawili walikuwa nao, na mmoja wao kwa wiki kadhaa alikuwa akidai ni viroboto. Mwenzangu wa Kakesio, aliyelala nyumba ya wanaume, hakuwa nao, kwa hiyo Sista akampa yeye usimamizi. Alichota maji kwenye pipa, akawasha moto, akachemsha mashuka, magauni, aproni na mablanketi ya bweni zima, na mtu akileta nguo akidai kwamba hiyo hajaivaa, aliipokea kwa heshima na kuitumbukiza. Magodoro yalitolewa juani. Sisi tulipakwa salfa kuanzia shingoni mpaka kwenye nyayo, siku tatu mfululizo bila kuoga, na kwa siku hizo tatu hata mbwa wa hospitali hakutusogelea.

Mwenzangu hakunikumbusha maneno yake ya ng'ombe. Nilingoja ayaseme, na kwa kuwa hakuyasema nilizidi kuumia. Mwishowe nilimwuliza mwenyewe, tukiwa tunakamua blanketi, yeye upande mmoja na mimi upande wa pili, kwa nini hakumwambia Sista. Alikamua mpaka maji yakaisha upande wake. Alisema aliniambia mimi, akadhani inatosha. Hakutaka kuitwa mchongezi. Tangu bibi alipozungumza pale mezani amekuwa akifikiri, na anaona kwamba na yeye alikosea, kwa sababu waliougua si mimi peke yangu. Halafu akasema blanketi bado lina maji upande wangu.

Bibi, mama na mdogo wangu walikaa siku tatu kwenye kibanda cha ndugu wa wagonjwa. Asubuhi nilikwenda kuwapaka. Mama alikuwa mpole, aliniuliza tu kama nitafukuzwa, nikamwambia sijui. Bibi hakuwa mpole. Kila nilipofungua mtungi, aliniuliza kama nimenawa. Nikisema nimenawa, aliniambia nimwonyeshe katikati ya vidole. Nikionyesha, alivaa uso ule ule niliouvaa mimi mbele ya kopo langu la maji, na alikuwa ameushika barabara, mpaka mdogo wangu akalazimika kutoka nje kucheka. Mgongo wake ulikuwa umejaa alama za kucha. Nilipakaza marhamu polepole, na siku ya tatu aliniambia kwamba mkono wangu ni mwepesi, nisiache kazi.

Ilibaki baba, na walibaki majirani. Sista aliniruhusu siku mbili, akanipa mtungi mwingine, na akamtuma mwenzangu anisindikize kwa sababu mzigo ulikuwa mzito, au kwa sababu hakuniamini, sikuuliza. Baba tulimkuta amekaa juani akijisugua mgongo kwenye ukuta. Aliniambia hana upele. Aliniambia ni ile sabuni, kwamba ngozi yake haijazoea vitu vya dukani. Nilimtazama, nikatazama ukuta, nikajua nimeurithi wapi ukaidi wangu. Mwenzangu alikaa karibu naye wakaanza kuzungumza habari za mifugo, ndui ya ng'ombe, ukurutu wa mbuzi, jinsi ya kumtenga mnyama mgonjwa na kuchoma majani aliyolalia. Baada ya kama saa moja baba alivua shati mwenyewe.

Majirani tuliwapitia nyumba kwa nyumba. Yule mzee niliyemrudisha kunawa wakati wa Krismasi alitupokea, akatukalisha, akatupa uji, na kabla hajakubali kupakwa alitaka nimweleze tena, mbele ya wake zake wawili, ni nani aliyeleta ugonjwa huu. Nikaeleza. Akasema hakusikia vizuri. Nikaeleza mara ya pili, kwa sauti.

Nilirudi hospitali nikiwa nimechoka, na mtihani ulikuwa umebakiza wiki mbili. Sista hakunifukuza. Aliandika barua kwa wakubwa kuhusu jambo hilo, akanisomea yaliyoandikwa kabla hajaifunga, na yote yalikuwa ya kweli, hata yale mazuri.

Watahini walikuja kutoka Arusha kwa Land Rover, daktari mmoja mnene mwenye haraka na muuguzi mmoja mwanamke aliyeandika kila kitu. Asubuhi tuliandika majibu darasani. Baadaye tukaitwa mmoja mmoja kwenye chumba cha vidonda, kila mtu achemshe vyombo vyake, aandae sinia la kufungia kidonda na kufunga kidonda cha mgonjwa bila kukichafua. Mimi nilikuwa wa tano, na wa sita alikuwa yule wa Kakesio. Jikoni palikuwa pameokwa mbuzi kwa ajili ya wageni, na harufu yake ilikuwa inapita dirishani.

Nilichemsha vyombo. Nikanawa. Nikatandaza kitambaa safi kwenye sinia, nikapanga pamba, nikapanga bandeji, nikaanza kuinua vyombo kutoka kwenye sufuria kwa koleo. Daktari alikuwa anatazama saa yake, na muuguzi alikuwa ameinama anaandika. Nilipogeuza mkono, ncha ya koleo ikagusa ukingo wa meza. Iligusa tu, kisha nikaitumbukiza katikati ya vyombo vilivyo safi kabla sijajua nimefanya nini. Hapana aliyeona. Sista alikuwa amesimama nyuma karibu na dirisha, na mpaka leo sijui kama aliona.

Nilisimama pale. Nilimtazama mgonjwa, mkulima wa makamo aliyejikata mguu kwa jembe, aliyekuwa ananingoja kwa subira.

"Nimechafua," nilisema. "Koleo imegusa meza. Naomba nianze upya."

Daktari aliuliza kuanza upya kunachukua muda gani. Nikasema kuchemsha ni dakika ishirini. Halafu nikakumbuka tuko wapi, nikasema, kwa huku juu, thelathini. Daktari alimtazama muuguzi, na muuguzi akaniambia nichemshe.

Sijawahi kuona dakika thelathini ndefu kama zile. Tulikuwa watu watano tumeizunguka sufuria. Daktari alijaribu kumwuliza mgonjwa habari za mavuno, mgonjwa akajibu kwamba si mabaya, na mazungumzo yakaishia hapo. Mvua ikaanza, ikanyesha, ikaacha. Mara mbili mpishi alikuja mlangoni, akatazama, akaondoka. Wakati huo nilikuwa na hakika kwamba nimefeli, na kitu cha ajabu ni kwamba haraka yote iliniisha. Nilifunga kile kidonda vizuri kuliko nilivyowahi kufunga kingine chochote. Yule mwenzangu alipoingia baada yangu, na yeye akachemsha nusu saa kamili, kama kawaida yake. Mbuzi aliliwa akiwa amepoa.

Majibu yalikuja baada ya wiki nyingi, kwa basi, ndani ya bahasha iliyolowa. Kati yetu sita tulifaulu watano. Wa kwanza alikuwa yeye. Mimi nilikuwa wa nne, na kwenye karatasi yangu, mahali pa maelezo ya mtahini, paliandikwa neno moja, "Mwaminifu," na chini yake kwa mwandiko mwingine, wa haraka, "lakini anachelewesha." Sista alinipa karatasi hiyo akiwa amekaza midomo. Nilidhani amekasirika. Alikuwa anajizuia kucheka, na alishindwa mimi nikiwa bado mlangoni.

Mimi nilipangiwa zahanati ya Ngorongoro, kule juu ukingoni, na mwenzangu alipangiwa Soitsambu. Tulipata lori moja la kupeleka unga, tukapanda juu ya magunia na masanduku yetu ya bati. Barabara ilikuwa utelezi wa udongo mwekundu, na tulipoingia msituni ukungu ulitufunika mpaka hatukukiona kichwa cha lori. Nilikuwa nimekaa naye darasa moja karibu miaka miwili, nimemcheka, amenisaidia kupaka ukoo wangu wote salfa, na nikagundua kwamba sijawahi kumwuliza aliingiaje katika kazi hii.

Alisema ilitoka amri kwamba kila boma litoe mtoto mmoja wa kupelekwa shule. Baba yake alikuwa na watoto wa kiume wanne. Aliwatazama wote jioni moja wakirudi na mifugo, akamchagua yule aliyekuwa amepoteza ndama wawili mwezi ule kwa kulala machungani.

"Aliona hasara ni ndogo," alisema.

Nilimwuliza kama ilimwuma. Alifikiri kidogo huku lori likituyumbisha. Alisema wakati ule ilimwuma sana, kwa sababu ndama mmoja alirudi mwenyewe kesho yake, na hakuna aliyekwenda kumrudisha yeye. Siku hizi baba yake akiugua hataki kuguswa na mtu mwingine yeyote. Lakini bado, alisema, hamwachii ng'ombe.

Nilicheka mpaka dereva akatoa kichwa dirishani kutazama kama kuna mtu ameanguka. Kisha lori likasimama, nikaambiwa tumefika, ingawa sikuona kitu chochote cha kufikia. Alinishushia sanduku langu, akanitakia kazi njema, nikamtakia na yeye. Lori likaondoka na kumezwa na ukungu, nikalisikia likibadili gia kwenye mteremko mpaka sauti ikapotea.

Mlinzi wa zahanati alitokea akiwa amejifunga mablanketi mawili. Alinisalimia vizuri, akanionyesha jengo, nikaliona nilipokuwa karibu kuligonga. Mlango ulikuwa umefungwa. Alinieleza kwamba muuguzi aliyekuwepo kabla yangu alishindwa na baridi akaondoka, akamwachia ufunguo jirani mmoja mwaminifu, na huyo jirani tangu asubuhi yuko machungani, na haijulikani atarudi saa ngapi. Basi tukakaa juu ya sanduku langu, yeye akanipa blanketi moja, tukamngoja.